Mchakamchaka Usio na Fimbo

Ukiishi Tunduma jirani na mpaka, simu yako ina nchi mbili. Mchana iko Tanzania. Usiku, mtandao wa upande huu ukilegea, inavuka yenyewe na kushika minara ya Nakonde, na saa yake inarudi nyuma, kwa kuwa Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima. Wenyeji wanalijua hilo na simu zao wamezifunga zisijibadilishie saa. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu mjini, nimehamia kutoka Morogoro kuja kufanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha. Jumamosi ya kwanza niliyoahidi kukimbia na wenzangu nilitegesha kengele ilie saa kumi na mbili asubuhi. Ikalia saa kumi na mbili ya Nakonde. Tunduma ilikuwa saa moja.

Makubaliano yalikuwa kuondoka saa kumi na mbili na nusu. Huku kwetu huo ndio wakati mwanga unapoanza kuonekana, maana tuko mbali sana magharibi ya Dar es Salaam ilhali saa ni ile ile moja. Mwezi wa Julai jua halichomozi mpaka saa moja ipite. Nilifika njiapanda ya Sumbawanga saa moja na robo nikijua nimeachwa. Nilikwenda ili nisije nikasema uongo nikiulizwa kama nilifika.

Pale njiapanda alikuwa amesimama mtu mmoja, mikono ameibana kwapani kwa baridi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa makamo, ambaye kundi zima linamwita Mwalimu tu.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba unisamehe sana."

"Marahaba. Simu imevuka, siyo?"

"Imevuka."

"Basi twende. Wenzetu wametangulia. Mimi leo ni zamu yangu ya kubaki."

Sikuelewa maana ya zamu ya kubaki, na pumzi za kuuliza sikuwa nazo. Tulikimbia taratibu, na nilipochoka tukatembea, na nilipopata nafuu tukakimbia tena. Tukakutana na wenzetu wakiwa wanarudi. Hakuna aliyenicheka. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kila Jumamosi mtu mmoja kundini hupangiwa kubaki: hubaki pale tunapoanzia mpaka ahakikishe hakuna aliyechelewa, kisha hukimbia wa mwisho. Akiwa na miguu myepesi siku hiyo, ataitumia Jumamosi nyingine.

Kwa mtu wa rika langu jambo hilo lilikuwa geni, na nina sababu. Nilisoma shule ya msingi miaka ya 1980. Asubuhi kabla ya gwaride tulikuwa na mchakamchaka. Mwanafunzi mmoja hutoa wimbo, wengine tunapokea, miguu inapiga vumbi kwa pamoja, na ukiitazama picha hiyo kwa mbali unaiona nzuri. Nyuma yetu, hata hivyo, alikuwako mwalimu wa zamu na fimbo ya mpera. Fimbo hiyo ilikuwa ya wa mwisho. Haikujali kama wa mwisho ni mvivu, au ana pumu, au hakula usiku. Nilijifunza mapema kwamba nyuma ni mahali pa maumivu, na kwamba njia ya kuwa salama ni kuhakikisha mwenzako yuko nyuma yako. Nimelitafakari hilo mara nyingi tangu nianze kukimbia ukubwani na linaniuma bado. Kulikuwa na mtoto mmoja darasani kwetu, mguu wake mmoja mfupi kidogo, ambaye kwa miaka kadhaa alitulinda sisi wengine bila kutaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupunguza mwendo kwa ajili yake.

Nilipomaliza shule sikukimbia tena kwa zaidi ya miaka 25. Nadhani tuko wengi wa namna hiyo. Tulifundishwa mbio vizuri na tukafundishwa kuzikimbia hizo mbio.

Nchi ilianza kutuita tena barabarani mwishoni mwa 2016, pale Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya watu kufanya mazoezi kwa pamoja. Vikundi vya jogingi vilikuwapo kabla ya hapo, Dar es Salaam hasa, lakini baada ya hapo hata miji ya pembezoni ilianza kuona watu wazima wenye bukta na raba wakiimba alfajiri. Chetu kilianza kidogo kidogo: Mwalimu, muuguzi mmoja wa kike, vijana wawili wa kubadilisha fedha, fundi baiskeli, dada mmoja wa duka la dawa, na mama anayeuza maandazi Majengo. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili.

Huyo mama ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote, na ndiye aliyewekwa mbele. Kundi lilikuwa na utaratibu huo: anayekwenda polepole ndiye anayeshika uongozi, wengine wanamfuata, na wimbo unaendana na miguu yake. Muuguzi alitueleza kwamba utaratibu huo una faida hata kwa mwenye kasi, kwa sababu mwendo ambao mtu anaweza kuimba au kuzungumza akiwa anakimbia ndio mwendo ambao moyo unaumudu bila kuelemewa. Ukishindwa kupokea wimbo, umezidisha. Mimi nilikuwa nimeambiwa kliniki kwamba shinikizo langu la damu limepanda, basi maneno hayo niliyashika. Ndani ya miezi minane dawa zilipunguzwa. Sitalizungumza zaidi hilo, maana kila mkimbiaji ana hadithi yake ya kliniki.

Barabara yetu inastahili maneno mengi zaidi. Tunduma ndiyo mlango wa nchi upande wa kusini magharibi. Shaba ya Zambia na ya Kongo inashuka hapa kwenda bandari ya Dar es Salaam, mafuta na bidhaa zinapanda. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walifungua kituo cha huduma kwa pamoja, gari likakaguliwa mahali pamoja badala ya kusimamishwa kila upande, na kazi yetu sisi mawakala ikawa nyepesi. Hata hivyo kuna majuma ambayo foleni ya malori hurefuka kuelekea Mpemba, gari nyuma ya gari, na ukingo wa barabara unakuwa mwembamba kama kamba. Tunakimbia tumevaa vizibao vya rifleksa, mstari mmoja, tukiyatazama usoni magari yanayokuja, na mtoa wimbo hunyamaza pale panapobana ili masikio yafanye kazi. Kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Masika udongo mwekundu unashika raba mpaka kila mguu unakuwa na uzito wa tofali.

Katika foleni hiyo tulimpata mwenzetu mmoja. Alikuwa dereva kutoka Lubumbashi, mtu mnene, anayezungumza Kiswahili cha kwao chenye ladha yake. Alikuwa amekaa siku ya nne akingoja makaratasi ya mzigo wake, na ukilifikiria, dereva wa lori hukaa akiendesha na hukaa akisubiri. Mwili wake haupati nafasi nyingine. Alitusikia tukiimba, akashuka, akauliza kama mgeni anaruhusiwa. Mwalimu akamjibu kwamba barabara hii wote sisi ni wageni wake. "Njo vile," akasema, akaingia mstarini na kandambili zake. Hakuweza kuliacha gari mbali, kwa hiyo alikimbia mpaka mwisho wa foleni na kurudi, akimwomba dereva wa nyuma yake amwangalizie. Muuguzi, ambaye zamu ya kubaki ilikuwa yake, alirudi naye hatua kwa hatua, akamwacha mlangoni mwa gari lake. Safari ya pili alipopita alitutafuta. Safari ya tatu alikuja na raba.

Oktoba ya mwaka wangu wa kwanza tulikodi Kosta tukaenda Mbozi, tukashuka barabara kuu na kukimbia njia ya vumbi kwenda Ndolezi kwenye Kimondo. Ulikuwa wakati ambao mvua za kwanza zimegusa na mikahawa imechanua. Anayeujua mkahawa kwa kikombe tu hajui kwamba ua lake ni jeupe na linanukia kama asmini, na kwamba shamba zima huchanua kwa siku chache kisha huisha. Tulikimbia katikati ya harufu hiyo bila kuimba. Hakuna aliyesema tunyamaze. Wimbo ulikoma wenyewe.

Kimondo ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi. Wapo wanaotaja tani 12, wapo wanaotaja 16. Sehemu kubwa ni chuma, na nikeli kiasi. Wazee wa eneo lile walikuwa wakilijua jiwe hilo kabla wataalamu wa nje hawajaliandika mwaka 1930. Wachimbaji waliondoa udongo kulizunguka, na hakuna shimo kubwa la kishindo linaloonekana, dalili kwamba lilianguka zamani sana, dunia ikawa na muda wa kulifuta kovu lake. Niliweka kiganja juu yake. Lilikuwa baridi ingawa jua lilishakuwa kali. Mama wa maandazi, ambaye njia hiyo hatukumweka mbele, alifika dakika kumi na tano baada yetu pamoja na fundi baiskeli, ambaye zamu ilikuwa yake, akaliegemea kama mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba yake. "Hili lilikimbia kuliko wote," akasema, "na tazama lilivyotulia."

Mei iliyofuata tulikwenda Mbeya kwenye Mbeya Tulia Marathon, mbio zinazoandaliwa na Taasisi ya Tulia kuchangia afya na elimu, zinazokusanya watu Uwanja wa Sokoine. Kwetu kila mbio yenye namba kifuani huitwa marathoni, hata kama anayekimbia ameandikishwa zile fupi za kujifurahisha kama tulivyoandikishwa sisi. Tuliondoka Tunduma usiku. Mama hakulala kabisa. Alikuwa amekaanga maandazi ya wateja wake na kuyaacha kwa binti yake, kisha akakaanga mengine ya safari. Alikuwa na miaka 54 na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuvaa namba. Aliikunja fulana yake mapajani njia nzima kama kitu kinachoweza kupotea.

Siku hiyo zamu ya kubaki ilikuwa yangu.

Niseme wazi nilichofanya. Tulianza pamoja, mimi na yeye nyuma kabisa ya kundi letu. Baridi ya Mbeya ilikuwa nzuri, miguu yangu haijawahi kuwa myepesi vile. Watu walikuwa wakitupita: wanafunzi, wanajeshi wenye wimbo wao, kina baba wenye vitambi vikubwa kuliko changu. Kila aliyenipita niliisikia ile fimbo ya mpera. Miaka yote ile, na bado mgongo wangu ulikuwa unaijua. Tulipofika mteremko nikamwambia, "Mama, nasogea kidogo, nitakusubiri mbele." Sikumsubiri mbele. Nilikimbia mpaka mwisho, nikavikwa medali, nikasimama na kupumua, nikajiona mtu.

Mwalimu akanijia. Aliitazama medali, akanipa mkono, akasema hongera. Kisha akauliza, "Mama yuko wapi?" Hakuongeza neno.

Nilirudi kinyume cha wakimbiaji, pembeni ya barabara, nikiwa nimeificha medali ndani ya fulana. Nilijiandaa kumkuta amekaa chini, au analia, au amejitoa. Nilimkuta anatembea katikati ya njia, peke yake, kitambaa cha kichwa ameshika mkononi, uso ameuinua. Nikaanza kuomba radhi, maneno mengi, haraka haraka.

"Baba," akaniambia, "nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Tulikwenda hivyo, mimi hatua mbili nyuma yake, mpaka tukaingia uwanjani. Alipovikwa medali yake aliibusu, akakaa kwenye nyasi, akavua raba. Ndipo aliponieleza. "Kifungua mimba wangu nilimzaa 1991. Tangu siku ile sijawahi kuwa barabarani peke yangu bila ndoo, bila mtoto, bila deni la mtu. Leo nimekwenda zaidi ya nusu saa hakuna anayeniita. Ulivyoondoka nilishukuru. Ila ungeniuliza, ningekuambia nenda."

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu, hasa yale ya mwisho. Kwanza yalinipa nafuu nisiyostahili: kumbe sikumuumiza. Halafu yakaniondolea nafuu hiyo, kwa sababu nilimwacha bila kujua anataka nini, na kama angekuwa ni mtu anayehitaji mkono ningekuwa nimemwacha vile vile. Bahati haikugeuza nilichofanya. Lakini kulikuwa na jingine. Hata katika ile miezi tuliyomweka mbele, tukijisifu kwamba sisi hatumwachi mtu, tulikuwa tunampumulia mgongoni, watu kumi na moja. Hatukuwa na fimbo, tulikuwa na upendo, ila vyote viwili vilimfikia kutoka nyuma. Mtoto yule wa mguu mfupi sijui angetaka nini. Nilikuwa nikidhani angetaka tukimbie polepole pamoja naye. Huenda angetaka tu aachwe aje kwa mwendo wake, na afike akute watu bado wapo.

Nikamkumbuka Mwalimu na ile baridi ya Julai. Hakunipigia simu mara kumi. Hakuja kunigongea mlango. Alisimama mahali tulipokubaliana, nami nikamkuta.

Usiku ule kwenye Kosta, wengi wakiwa wamelala, nilimweleza hayo. Akanizungumzia John Stephen Akhwari, Mexico, Olimpiki ya 1968. Kila mtoto wa shule Tanzania anaijua habari yake: alianguka, akaumia goti na bega, akaendelea na bandeji mguuni, akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Tunawafundisha watoto kuhusu ushupavu wake, Mwalimu alisema, na ni haki. Yeye kila akiisoma habari hiyo huwawaza watu wachache waliokuwa bado wamebaki uwanjani, giza limeshaingia, sherehe za ushindi zimeshaisha. Hakuna aliyewalazimisha kukaa. Walipomwona walimshangilia. Mwalimu alitamani kumjua hata mmoja wao.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni Tokyo, ya kwanza ya nchi yetu katika mashindano ya dunia ya riadha, ofisi zote za mpakani zilizungumza hilo asubuhi nzima. Mbio zenyewe zilikimbiwa tukiwa tumelala, usiku wa manane kwa saa zetu. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Jumamosi iliyofuata kundini kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu zile hatua za mwisho. Mama alitaka kujua kitu kimoja tu: baada ya kuvuka mstari, walijuaje nani ameshinda? Tukamwambia Simbu mwenyewe hakuwa na hakika mpaka alipoyaona matokeo kwenye skrini. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Na hao wa kasi nao wanangojeshwa," akasema.

Utaratibu wetu tumeubadilisha. Zamu ya kubaki ipo, lakini aliyepangiwa anaanza kwa kuuliza: leo unataka mwenzako, au unataka njia? Dada wa duka la dawa karibu kila mara anataka mwenzake, kwa sababu huzungumza mambo mengi mazito akiwa anakimbia na anahitaji sikio. Fundi baiskeli hubadilika badilika. Vijana wa kubadilisha fedha mwanzoni waliona aibu kujibu, sasa hujibu.

Mama anataka njia. Tumeafikiana naye kwamba asianze kabla mwanga haujatoka, na avae kizibao chake. Hutangulia peke yake, sisi tukingoja nusu saa, na huanza na chupa ya chai ya tangawizi mfukoni mwa koti. Sisi tunaondoka baadaye tukiimba. Kuna jiwe kando ya barabara ya Mpemba, baada ya malori kupungua, na ndipo tunapomkuta ameketi, raba amezivua, anatazama upande wa mashamba. Tukilikaribia jiwe mtoa wimbo anaukata wimbo. Hatumwiti. Tunasimama kando kidogo, tukipumua, mpaka ainue kichwa mwenyewe.